Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Juzi jioni pale Mtumba, nikitoka kazini, taa ya bodaboda niliyotaka kupanda iliwaka, ikazimika. Dereva hakuhangaika. Aliinua kiti, akachomoa fyuzi iliyokatika, akaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akairudisha. Taa ikawaka. "Twende, dada," akasema. Nikamwambia aende tu. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, na puani nikasikia harufu ya waya unaoungua, ingawa pale hapakuwa na kilichoungua.

Njoo nikupeleke Hombolo, rafiki yangu, kwa babu na bibi walionilea. Msimu wa zabibu asubuhi zilikuwa na baridi ya kupasua midomo, upepo ukizungusha vumbi uani, na jikoni bibi akikoroga uji wa uwele. Kazi yangu ilikuwa kuchambua vichala na kutupa punje zilizooza, vidole vikinata mpaka jioni. Nilikula nyingi kuliko nilizotupa. Bibi alijua, ila lawama alikuwa akiwatupia nyuki.

Babu alikuwa na baiskeli aliyoifungia injini ndogo, na mbwa wote wa kijiji walikuwa na ugomvi nayo. Mnunuzi alitaka zabibu zimfikie kabla jua halijazilainisha, kwa hiyo babu aliondoka alfajiri giza likiwa bado limeshika, makreti mawili nyuma. Macho yake yalishaanza kufifia. Bila taa asingeweza kulivuka korongo lililokuwa mbele ya nyumba, na asipovuka, zabibu zilituozea uani.

Taa ile aliifunga mwenyewe, mimi nikimshikia bisibisi. Kwa mambo mengine babu alikuwa mpole, lakini kwenye waya alikuwa mkali kweli. Betri aliiweka nyuma, mbali na tangi la petroli, na hakugusa waya kabla ya kuichomoa. Waya aliuvisha vipande vya tyubu kuukuu, na pale shingoni, usukani unapogeukia, aliuachia ulegevu usivutike. Akimaliza aliwasha taa, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kisha akanihoji.

"Fyuzi inakaa wapi?"

"Karibu na betri, babu, kabla waya haujaenda popote."

"Ikikatika?"

"Tutafute kwanza kilichoikata."

Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo kama sala, na kama sala nyingine za utotoni, niliyasema bila kuyafikiria.

Alfajiri moja, babu amekwisha kuchelewa, fyuzi ilikatika. Yeye alikuwa anakaza makreti kwa mipira, akaniambia niangalie waya kisha niweke nyingine. Kopo la fyuzi lilikuwa tupu. Ya mwisho niliipeleka shuleni kujionyesha kwa wenzangu, ikapotea, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliogopa. Nikakumbuka vijana wa mashine ya kusaga walivyokuwa wakifanya, nikaokota pakiti ya sigara aliyoitupa jirani, nikachana karatasi yake ya kung'aa, nikaizungushia ile fyuzi iliyokatika, nikairudisha. Taa iliwaka vizuri kuliko siku zote. Sikufichi, nilijivuna.

"Umegeuza usukani?" babu akauliza, bado ameinamia makreti.

"Ndiyo, babu."

Sikuwa nimegeuza.

Bibi alitoka na kikombe cha uji. "Kunywa kwanza, baba. Upepo wa leo siupendi."

"Nitakunywa nikirudi."

Tulisimama uani tukiangalia taa ikiteremka. Pale korongoni njia inakata kulia. Taa ilifika kwenye kona, ikazimika. Kisha ukatokea mwanga mwingine, wa njano, chini chini, na ukaanza kukua. Ile harufu ilitufikia kabla ya sauti yake.

Majirani walimzima kwa mchanga. Waya ulikuwa umechubuka shingoni, na kila usukani ukigeukia kulia uligusa fremu. Fyuzi ingekatika tena, yakaishia hapo. Karatasi haikukatika, na moto ukafuata waya mpaka kwenye mpira wa petroli.

Babu aliishi, lakini viganja vyake vilipopona vilikuwa vimekunjamana, na hakushika tena bisibisi. Wageni waliokuja kumpa pole walishangaa, fundi mwangalifu kama yeye imekuwaje. "Karatasi niliweka mwenyewe," aliwajibu. "Ni uzee tu." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Alinitazama mara moja, akaomba sukari. Nilimwekea sukari na sikusema neno, siku ile wala miaka yote aliyoishi baadaye, na hilo ndilo linaloniuma hata kuliko uongo wenyewe.

Sasa yeye na bibi wamelala nyuma ya nyumba. Mizabibu imeng'olewa, shamba limekuwa viwanja, na mbwa wa siku hizi hawaijui ile injini. Kilichobaki ni fremu, imeegemea stoo, shingo yake nyeusi mpaka leo. Kila nikienda Hombolo naifuata kabla hata sijafungua mlango. Naushika usukani, nao unagoma kidogo kwa kutu. Naugeuza kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho.

"Nimegeuza, babu," namwambia.