Sentensi Isiyokataliwa Kariakoo

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anasoma isimu chuo kikuu. Jumamosi moja alikuja chumbani kwangu Gerezani na daftari lenye sentensi ishirini, akasema anatafuta watu wa kuzikataa.

"Kuzikataa kivipi?"

"Nasoma sentensi, mtu ananiambia inasemeka au haisemeki. Basi, mjomba. Twende Kariakoo."

Nilikuwa nimeshavaa viatu. Njiani alinieleza kwamba wako wataalamu wanaoamini maneno huhama ndani ya sentensi. Ukisema "Umenunua nini?", neno "nini" limekaa pale panapokaa bidhaa yenyewe. Ukisema "Ni nini ulichonunua?", limehamia mbele, lakini nafasi yake ya zamani ipo bado. Haina sauti, ila msikilizaji anairudia kichwani ili aelewe. Na nafasi hiyo huwezi kulipangisha neno jingine: hakuna anayesema "Ni nini ulichonunua sukari?"

Nilimwambia hilo nalielewa. Nyumba niliyopanga miaka minane ilibomolewa, pakajengwa ghorofa la maduka, na mpaka leo nikipita pale mguu unapunguza mwendo wenyewe. Alisema si kitu kimoja.

Utafiti wake ulihusu sehemu ambazo neno halitoki. "Umenunua vikombe na nini?" ni swali la kila siku. Lakini hamisha "nini" mbele: "Ni nini ulichonunua vikombe na?" Kwa mujibu wa nadharia, vitu viwili vikishafungwa pamoja na "na", huchomoi kimoja ukaacha kingine. Msimamizi wake hakutaka nadharia tupu. Jumatatu alete majibu ya watu wasiosoma isimu, la sivyo abadilishe mada. Kubadilisha mada ni kurudi nyuma mwaka mzima, na dada yangu kule Mtwara alikuwa ameshawatangazia majirani mahafali.

Nilimpeleka kwa watu ninaowajua. Muuza vitenge alisikiliza hadi mwisho.

"Zinasemeka, dada."

"Hata hii ya vikombe?"

"Hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Ingia ndani uone mzigo mpya."

Muuza mabegi alisema zote nzuri. Muuza viatu alisema zote nzuri na bei wataelewana. Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vyombo, aliitikia shikamoo ya mpwa wangu, akafikiri, akasema, "Inategemea unamwambia nani, binti yangu. Lakini inasemeka."

Kufika adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wamezikubali sentensi zote ishirini. Mpwa wangu alikaa juu ya robota la mitumba, macho yamejaa maji.

"Mjomba, nimekwisha."

Nilipaswa kumwambia mapema. Niliuza kwenye maduka yale miaka sita. Mtu akisimama mbele ya duka, muuzaji wa Kariakoo hamwambii hapana. Ukiulizia kiatu namba arobaini na sita ambacho hana, anasema kipo, kaa hapo, halafu anakikimbilia kwa jirani. Yeye aliwaomba maoni, wao wakampa huduma.

"Usiwaulize kama inasemeka," nikamwambia. "Waulize swali lenyewe, wakujibu."

Tukarudi kwa mzee wa vyombo. Alikuwa anafunga glasi za mteja kwa gazeti.

"Mzee wangu," mpwa wangu akaanza, "tuseme nimenunua vikombe na sahani. Ni nini nilichonunua?"

"Vikombe na sahani," alijibu, akaniangalia mimi.

"Ni nini nilichonunua vikombe na?"

Mzee akasubiri, gazeti mkononi. Mteja wake naye akasubiri.

"Malizia, binti yangu."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Vikombe na nini?"

Mpwa wangu aliandika. Mzee mwenyewe, bila kuombwa, alikuwa amelichukua lile neno akalirudisha mahali pake. Tulizunguka tena kwa wote kumi na mmoja. Tisa walisema malizia. Muuza vitenge alisema vikombe anavyo. Muuza viatu aliomba namba ya simu.

Jumatatu jioni mpwa wangu alinipigia. Mada imebaki, ila msimamizi anataka watu ishirini zaidi, na safari hii wasiwe wauzaji. Nilimwambia aje Jumamosi asubuhi na mapema, maana Kariakoo watu wa aina hiyo itabidi tuwatafute.