Nilitia Sahihi Kwamba Chini ya Mchaichai Hakuna Kitu

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu, mkazi wa komini ya Mikelenge hapa Kindu. Nina mke mmoja na kijana mmoja aliye hai. Nimewafundisha wengi mjini humu na baadhi yao watasoma haya, kwa hiyo nitayaandika kwa usahihi. Silii ninapoandika. Imepita miaka mingi tangu nilie, na sijui kama hiyo ni nguvu au ni ugonjwa.

Wakati wa vita mke wangu alisafiri kwenda Tunda kumuuguza mama yake. Alipokuwa huko njia zikafungwa, treni ikasimama, nami nikabaki na binti yetu wa miaka mitano. Akashikwa na homa. Nilimfunga kwenye baiskeli nikaisukuma kuelekea hospitali, lakini barabara yetu ilikuwa tope tupu, magurudumu yakazama. Nilipofika njiapanda alikuwa amekwisha kukata roho. Nikageuza baiskeli.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari. Jirani yangu, ambaye sasa naye ni marehemu, alinisaidia. Sanda haikupatikana, tukamvika pazia jeupe la darasani. Tukamswalia sisi wawili, tukamzika mbele ya kiwanja changu, kando ya barabara. Hatukuinua tuta, kwa sababu askari wakiona udongo mpya walidhani kumefichwa mali, wakafukua. Tulisawazisha, nikapanda mchaichai juu yake.

Mke wangu alirudi kwa miguu baada ya miezi minane. Hakuuliza mtoto alikufaje. Aliuliza jambo moja: "Alizikwa na watu?"

Nikajibu: "Ndiyo. Makaburini, karibu na mama yangu. Watu walijaa."

Nilikusudia kumweleza ukweli akishapumzika. Kizuizi kilipoondolewa akataka kupaona, nami nikamwonyesha tuta dogo lisilo na jina. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya Ramadhani, huenda kulifyeka, kulifagia na kulisomea. Sijui aliyelala pale ni mtoto wa nani. Mchaichai wa mbele ya nyumba huukata kwa chai. Mimi hunywa maji.

Mwaka huu mji umeweka ada mpya. Anayejenga nyumba mpya hulipa ada ya barabara kabla ya kupewa kibali, na fedha hiyo itatengeneza njia kutoka kwetu, kupitia makaburini, hadi stesheni na bandari. Kwenye mkutano wa mtaa watu walinung'unika. Mama mmoja auzaye mihogo akasema: "Sisi tutalipa barabara, halafu mvua njo itatembea ndani yake." Watu wakacheka, maana kweli mvua ndiyo hutembea katika njia zetu. Nikasimama nikaeleza kwamba nyumba mpya huleta pikipiki mpya na mizigo mipya, kwa hiyo anayejenga achangie njia. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nikifikiria baiskeli. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, walikubali. Kijana wangu, aliyezaliwa baada ya vita na sasa anajenga nyuma ya nyumba yetu, akawa wa kwanza kulipa.

Wiki mbili baadaye akaja mpimaji na kamba zake. Barabara itapanuliwa. Alipigilia kigingi chekundu katikati ya mchaichai, akatoa karatasi, akaniuliza kama anavyomuuliza kila mwenye kiwanja: "Muzee, hapa chini kuko bomba, kaburi, ao kitu gani?"

Mke wangu alikuwa mlangoni, ameshika ungo. Nikasema: "Hakuna kitu." Nikatia sahihi.

Mpimaji alipoondoka, mke wangu alisogea akakitazama kile kigingi. "Baba watoto," akasema, "hii barabara ikiisha njo nitapanda pikipiki mpaka kwa mutoto wangu. Magoti yamechoka."

Nikamjibu kwamba ni kweli, itamfaa.

Nilimwuliza shehe mmoja, nikijifanya naulizia mtu mwingine. Alisema maiti akiwa katika njia inayochimbwa inafaa kumhamisha. Basi ningeweza kwenda kwa mpimaji, nikaifuta sahihi yangu, binti yetu akazikwa makaburini kama nilivyodai miaka yote. Lakini mama yake atajua kwamba alimlilia mtoto wa watu, na kwamba wa kwake alikuwa hatua kumi kutoka jikoni. Nikinyamaza, mashine itaondoa udongo ule mbele ya macho yake, na pazia lile pengine halijaoza lote.

Mashine sasa iko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jana mke wangu alinunua ufagio mpya kwa ajili ya lile kaburi, na ameuegemeza mlangoni.

Nawaomba shauri, hasa ninyi akina mama mliozika watoto. Mngependa kuambiwa? Na kama ndiyo, nianze na neno gani? Nijibuni mapema. Zimebaki nyumba tatu.