Mwenye Duka ni Nani?

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Mkuu wa Ufundi, Mmarekani mweusi mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alinipakia kwenye gari lake hapa Garland, kando ya Dallas, Texas, tukaenda duka moja la kituo cha mafuta. Chumba cha baridi kilikuwa kimezimika. Mteja anajua milango ya vioo tu, anafungua na kuchukua soda. Hajui kwamba nyuma ya zile chupa kuna chumba kizima, na fundi anaweza kuwa amesimama humo na koti la baridi kali. Mimi, kwa kiherehere cha mgeni, nikanyoosha mkono kwenye swichi kubwa ya umeme. Mzee yule akanidaka kiganja.

"Mwenye duka ni nani?"

"Sijui, bosi."

"Kama hujui, toa mkono wako. Ukizima umeme bila ruhusa ya mwenye duka, kila kitakachoyeyuka humu ni chako. Kwanza mtafute mtu, ndipo uitafute hitilafu."

Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha ufundi wa friji na hamu ya kitu kimoja tu: duka. Si kubwa. Liwe na kaunta, mimi niwe nyuma yake, mtu akiingia akiuliza mwenye duka, nimjibu ni mimi. Mke wangu Mwanaidi alikuwa akinicheka, anasema wanaume wenzangu wanaota majumba, mimi naota kaunta. Badala yake nimemaliza maisha yangu ya kazi nikiwa muulizaji. Vijana wetu hapa Dallas hunishika msikitini na kwenye maharusi: "Mzee Salehe, mbona Waarabu wana maduka, Wanepali waliokuja juzi wana maduka, na sisi tuna zamu tu?" Nimeingia mpaka stoo za hao wote, kwa hiyo nitawaambia nilichokiona. Ila mjue anayewaambia ana donge. Sifichi.

Baada ya miaka michache, Msimamizi wa Kanda, mwanamke mrefu aliyependa kuongea huku anatembea, alinihamishia tawi la Houston. "Huko kondensa hazidumu, Sali," aliniambia. Jina langu lilimshinda mpaka naondoka. Kondensa ni lile dude la nje, aghalabu juu ya paa, linalotupa joto hewani. Lina mapezi membamba ya aluminiamu, na hewa ya Houston yenye unyevu na chumvi huyatafuna. Basi nikaishi juu ya mapaa ya watu.

Mteja wangu mkubwa huko alikuwa Haji Nabil, Mpalestina wa makamo, mpole, tasbihi inaning'inia kwenye kioo cha gari lake. Siku ya kwanza niliingia dukani kwake nikauliza swali langu kwa Kiingereza, kisha nikajisemea kwa Kiswahili, "Huyu mwenye duka yuko wapi jamani?" Akageuka ghafla.

"Umesema dukkan?"

"Nimesema duka."

"Hilo neno letu!"

"Na letu pia, Haji."

Akanikumbatia pamoja na mafuta yangu ya mashine. Binti yangu Maryam ndiyo kwanza alikuwa amezaliwa, basi kuanzia siku hiyo nikawa Abu Maryam, na kahawa ya iliki nikapewa bure. Neno lilikuwa letu sote wawili. Duka lilikuwa lake. Tena si duka tu. Jengo lilikuwa lake, na safu nzima ya fremu zilizofuatana nalo, dobi, kinyozi, muuza simu, wote wapangaji wake. Friji ikifa kwa Haji, hakuniuliza kama itapona. Alisema leta mpya. Nilikuwa napanda juu ya paa lake, natazama magari ya wateja yakiingia na kutoka chini yangu, na kijiba cha roho kinanikaba hapa kifuani.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Haji, ulianzaje?"

"Mjomba wangu alinipa kaunta yake, nikae asubuhi. Ndugu yangu alipokuja, nikampa ya kwangu. Mwenye duka la jumla ni mtu wa nyumbani, alinipa mali nikauze kwanza, nimlipe baadaye."

"Na huyo mjomba?"

"Yeye alikuja zamani kusoma uhandisi wa mafuta."

Mjomba! Mimi mjomba wangu aliuza mkaa Muheza, na aliyekuwa anapigiwa simu asaidie ni mimi. Nilishuka kwenye ngazi siku ile nimenuna mpaka Mwanaidi akaniuliza nani amefariki.

Lakini niseme kweli, maana donge halinizuii kuona. Aliyekuwa akipanga makreti ya soda stoo kwa Haji alikuwa Mwarabu vilevile, mhandisi kutoka Baghdad, amekuja kama mkimbizi, vyeti vyake hakuna anayevitaka. Nikamwambia, "Nyinyi Waarabu mmejaliwa." Akaweka kreti chini. "Mimi nina lugha moja na Haji," akasema, "lakini sina mjomba." Tulikula naye mkate na zeituni pale juu ya makreti. Huyo sikumwonea wivu.

Tawi la Houston lilipofungwa nikarudi Dallas, nikapewa njia ya Irving na Garland. Ndipo nikakutana na Wanepali. Prakash alikuwa kijana mwembamba wa kaunta, mchana anasoma mambo ya kompyuta, jioni anauza. Nikamuuliza mwenye duka ni nani. Akasema, "Sisi sote, Dai." Dai kwao ni kaka mkubwa. Nikadhani ananichezea. Akapiga simu, na baada ya muda wakaja wengine wanne, mmoja na sare za uwanja wa ndege, mmoja bado ana usingizi usoni, wakanizunguka kila mtu na maoni yake juu ya friji yangu.

"Ninahitaji mtu mmoja wa kuniruhusu nizime duka," nikawaambia.

"Sisi twasema pasal," akasema Prakash, "lakini hilo neno lako twalielewa. Dokan. Zima tu, Dai, wote tumekubali."

Loh! Hata hawa neno wanalo.

Duka lao halikufanana na la Haji hata kidogo. Jengo la kupanga. Friji za mtumba, kompresa moja imefungwa kwa waya. Kompresa ndiyo moyo wa friji, ndiyo inayosukuma gesi, na ile ya kwao ilikuwa inakohoa. Stoo kulikuwa na jiko la wali na sufuria ya dengu, na mto wa kulalia, kwa sababu anayetoka zamu alijiegesha hapohapo. Haji alikuwa na mtu wa kumshika mkono. Hawa walishikana wenyewe. Walikuwa na mchezo wao wanauita dhikuti, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, inazunguka. Nilipoelezwa nikacheka kwa sauti. Kumbe ni upatu! Mwanaidi anacheza upatu tangu Tanga. Ila wa kwetu ulizaa makabati na sare za harusi, wa kwao ulizaa duka la pili.

Nao pia si wamoja. Kule Fort Worth nilitengeneza friji kwa wazee wanaosema Kinepali hichohicho lakini wametoka Bhutan, waliokaa kambi za wakimbizi miaka mingi, wanafungasha nyama kiwandani na vidole vimekufa ganzi. Hao hawakuwa na dhikuti ya kununua chochote. Lakini mwenye wivu hatazami huko, jamani. Wivu unajua nyumba ya kwenda.

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Hapa Garland, kona ninayopita nikimpeleka Maryam shule, palikuwa na duka la mzee mmoja Mmarekani aliyetaka kuuza apumzike. Vyumba vyake vya baridi nilivihudumia mimi. Nilijua kila bomba. Nikawaita rafiki zangu wawili nyumbani: Mwangi, Mkenya dereva wa malori na mzee wa kanisa, na Kibwana, Mtanzania mwenzangu, mhasibu wa ofisi moja Irving. Mwanaidi akapika wali wa nazi na kuku. Tukala, tukanawa.

"Kwanza tuchague mwenyekiti," akasema Kibwana.

Mwanaidi alikuwa analeta chai. "Mwenyekiti wa nini, na kiti chenyewe hamna?"

Tukamcheka. Tukatumia jioni nzima kwenye uenyekiti. Kikao cha pili tukagombana juu ya jina la kibao. Cha tatu nikasema mimi bia siuzi.

"Wacha mchezo, mzee," akasema Mwangi. "Duka Texas bila bia si duka, ni store. Hata mimi kanisani sinywi, lakini nita-survive vipi?"

"Haji Nabil haiuzi."

"Haji ana-collect rent ya majengo! Wewe uko na jengo?"

Hapo alinigusa penyewe. Tukaahirisha.

Wiki hizohizo nilikuwa Irving kwa Prakash, nimelala kifudifudi natafuta gesi inavujia wapi. Kazi hiyo hufanywa kwa maji ya sabuni: unapaka kwenye maungio ya bomba, penye tundu patatoa povu. Mtu ukiwa umelala hivyo unaongea ovyo. Nikasema kuna duka zuri linauzwa Garland. Nikasema kompresa zake nimezikagua kwa mkono wangu, zote nzima. Kwamba nalitaka mimi, hilo sikusema.

Haukupita muda, ofisi ikanituma kwenye duka lile la kona. Nikaingia, nikamkuta Prakash kaunta, na wenzake wanapanga bisi kwenye rafu. Swali langu sikuliuliza. Akalijibu mwenyewe, uso umejaa furaha:

"Sisi sote, Dai! Ulituambia kompresa nzima!"

Akanipa chai ya maziwa. Nikainywa. Ilikuwa chai nzuri, ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Nilikuwa nchi hii kabla Prakash hajajua ndege inapandwaje. Nyumbani sikula, nikamsimulia Mwanaidi nilivyoropoka. Mwanaidi akaniambia, "Salehe, ungekuwa na mdomo huo kwenye kikao, ungekuwa na duka."

Miaka yote iliyofuata nililihudumia duka lile. Nilibadilisha raba za milango, nikasafisha kondensa, na kila mara niliuliza swali langu kwa utani, nao wakajibu kwa kicheko. Utani ulikuwa wao. Mimi nilikuwa nachomwa moyoni. Maryam nilikuwa namwacha pale akitoka shule mpaka nimalize kazi. Anafanya homework juu ya makreti, mke wa Prakash anampa wali na dengu. Akakua, akasomea unesi.

Siku yangu ya mwisho kazini, wallahi, ofisi ilinituma palepale. Kompresa kubwa ilikuwa imekufa, ileile niliyoisifia. Nikaingia na mkoba wangu, magoti yananiuma, nikasema kwa sauti ya kuaga, "Haya, mara ya mwisho. Mwenye duka ni nani?"

Hawakucheka. Prakash akatazama mlango wa stoo. Akatoka Maryam, na sare zake za hospitali, kitambulisho bado kifuani.

"Me too, Baba. Mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Yule mmoja wao amehamia Houston. Nimenunua sehemu yake."

"Tangu lini? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeitisha kikao."

Prakash akainamisha uso kwenye kikombe chake. Mimi nikatafuta pa kushika, nikashika dini.

"Na bia, Maryam? Bia, mwanangu?"

Akaitazama milango ya vioo, akanitazama mimi. "Baba, hiyo bia miaka yote hii anaipoza nani?"

Baba mwingine angelia kwa furaha, na mimi nililia baadaye, garini. Lakini kitu cha kwanza kilichopanda kifuani hakikuwa furaha. Kilikuwa wivu, wa mwanangu wa kumzaa, mtoto niliyembeba kwenye joto la Houston. Nilimwonea wivu Haji, nikamwonea Prakash, ila wa siku ile ulikuwa mkali kuliko yote. Aliingia penye watu wanne akasema na mimi nimo, basi. Hakutaka kiti.

"Haya, mwenye duka," nikamwambia, "nizime?"

"Zima, Baba."

Nikazima. Nikafunga kompresa mpya, nikaivuta hewa yote kwenye mabomba kama nilivyofundishwa, nikajaza gesi, nikasubiri mpaka nikasikia inaunguruma sawasawa. Kazi yangu ikaishia hapo.

Sasa nimestaafu. Asubuhi naenda pale kona kunywa chai, nakaa kwenye stuli karibu na dirisha, upande wa wateja. Wivu haujaisha, vijana mnaodhani uzee unauondoa, mnajidanganya.

Juzi mashine ya barafu iliharibika. Kampuni yangu ya zamani ikamtuma fundi, mama mmoja wa Kimeksiko mwenye miwani, mkoba begani. Akaenda mpaka kwenye swichi, akasimama, mikono nyuma. Amefundishwa vizuri. Akatazama huku na huku, akaniona mimi, mtu mzima niliyekaa kwa raha zangu, akanijia.

"Mzee, wewe ndiye mwenye duka?"

Prakash alikuwa kaunta. Alisikia, akaacha kuhesabu chenji, akanitazama. Nikashusha kikombe.

"Sema tena," nikamwambia yule mama.

Akadhani masikio yangu yamechoka. Akarudia kwa sauti kubwa, duka zima likasikia.

Kisha nikainuka, nikaenda stoo kumwita Maryam.