Mama Mchicha na Meza ya Baba Mihogo

Soko ndiyo kwanza linaamka. Mama Mchicha anachovya mkono kwenye ndoo na kuyanyunyizia maji mafungu yake ya majani, kisha anaufuta mkono kwenye aproni mpaka ukauke kabisa. Ndipo anahamia meza ya pili, yenye mihogo, viazi vitamu na karoti.

"Huku hakuna kunyunyiza," anasema. "Nimeshafunzwa na ulimwengu."

Meza hii ilikuwa ya marehemu mumewe, ambaye wateja walimwita Baba Mihogo. Walianza kama majirani wa biashara, tena kwa ugomvi. Yeye, binti wakati huo, akinadi mchicha, kijana wa meza ya pili alipaza sauti kwamba majani ni chakula cha mbuzi.

"Nikamwambia, na wewe unauza vilivyozikwa," anakumbuka, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Kesho yake akaniletea karoti. Nikajua huyu kanasa."

Ndoa haikumaliza ubishi. Mke alishikilia kwamba majani ndiyo yenye madini ya chuma na vitamini za kila namna. Mume alijibu kwamba hakuna aliyebeba gunia kwa nguvu ya mchicha: mwili unataka wanga, na macho yanataka karoti. Wateja walikuja kununua, wakabaki kuamua kesi. Muuguzi wa zahanati ya jirani aliwaambia wote wawili wana haki, kwamba majani husaidia damu, mizizi hutia nguvu, na sahani moja inavihitaji vyote. Hawakumsikiliza. Nani angeacha utamu wa mabishano kama yale?

Baba Mihogo alifariki mwaka jana. Mjane aliporudi sokoni aliifunua meza ya mumewe, akaona viazi vimeshika vumbi, akavinyunyizia maji kama alivyozoea kwenye mchicha. Vikaoza karibu vyote.

"Miaka yote hiyo tumekaa bega kwa bega, na hata hilo sikulijua," anasema. "Nilishughulika kubishana. Siku ya mazishi nilijikaza. Siku ya viazi ndiyo nililia."

Sasa soko linapangwa upya. Majani yatakaa langoni, mizizi nyuma, na kila muuzaji atabaki na meza moja tu. Kabla mwezi haujaisha, lazima achague.

"Wifi, shika majani yako," dada wa marehemu amemsihi. "Ndiyo unayoyajua, ndiyo yanayokulisha."

Ni ushauri wa busara, na yeye mwenyewe anaukubali. Majani yake huisha kabla ya jioni, ilhali mihogo bado anajifunza kuitambua. Mteja anapokaribia, anavunja ncha ya mhogo kumwonyesha weupe wake, kama alivyofanya mumewe.

"Huu ukila asubuhi, unakusindikiza mpaka jioni," anamwambia.

"Umehama chama, Mama Mchicha?" mteja anamtania.

Amehama kweli. Jina lake ameshaliandikisha upande wa nyuma. Anapanga kwenda mashambani mwenyewe, wakulima wamfundishe kuchagua mihogo, hata ikibidi aanze upya na nywele zake za mvi.

"Majani yana watetezi wengi, shoga zangu wote wanauza majani," anasema, huku akipangusa viazi kwa kitambaa kikavu. "Hivi vilikuwa na mtu mmoja tu wa kuvisemea. Nami nilimkatiza kila siku."