Mama Trei na Kuku Walioacha Kutaga

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Trei anaingia bandani na kufunga mlango wa wavu nyuma yake. Haendi kwenye viota. Anamkamata kuku aliyesimama wima pembeni, anampakata kama mtoto mchanga, anampapasa tumbo kwa vidole viwili.

"Huyu naye," anasema, na kumtia kwenye tenga.

Ni wa tano leo, na bado hajafika nusu ya banda. Tumbo limejaa, chini ya mkia kumelowa, upanga wa kichwani umepauka.

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili alipewa jina hilo na wateja, maana haonekani mtaani bila trei za mayai. Alianza na kuku thelathini, miaka sita iliyopita. Mwanzoni mwa mwaka huu walifika mia tatu, wakitaga trei nane kwa siku.

"Mume wangu alikuwa akinitania. Ati ameoa mke mmoja, wake wenza mia tatu wamekuja wenyewe." Anacheka kidogo.

Kufuta mayai ilikuwa kazi ya mama yake mzazi. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, kitambaa mkononi, akiwasema kuku waliotaga vijiyai: "Na wewe, hilo ni yai au kokwa?"

Kisha bibi akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Kwa wiki tano Mama Trei alilala kwenye sakafu ya hospitali, kando ya kitanda cha mama yake. Nyumbani alibaki mumewe, dereva mstaafu mwenye mgongo mbovu. Kuku walikula na kunywa. Lakini chombo kimoja cha maji kilivuja, maranda yakalowa, viota vikachafuka. Kuinama na kuzoa hakuweza.

"Kila nikipiga simu ananiambia, 'Huku salama, wewe mshughulikie mama.'"

Mama yake alifariki. Siku nne baada ya mazishi, Mama Trei alirudi bandani. Alikuta mayai ya ganda laini, mengine yana damu, na kuku sita wamekufa.

Daktari wa mifugo alimpasua mmoja juu ya gunia. Mrija wa uzazi ulikuwa umevimba, umejaa usaha mgumu wa manjano. Viini vya mayai vilikuwa vimemwagikia tumboni na kuoza.

"Mama, wameambukizwa njia ya uzazi," alimweleza taratibu. "Uchafu umepandia huku nyuma. Waliofika hapa, dawa haiwarudishi. Tuokoe walio wazima."

Mumewe alivua kofia. "Ni mimi," akasema. "Nilikuona umezidiwa. Nikasema nikikwambia na hili, nitakumaliza."

"Msibani sikutoa chozi," anasema Mama Trei, "nilikuwa wa kupokea watu. Siku ile nikakaa kwenye maranda, nikalia mpaka daktari akatoka nje."

Mchuuzi mmoja wa nyama alisikia habari, akafika. "Dada, nipe hao wagonjwa. Nikishawakaanga, nani atajua?"

"Nitajua mimi," alimjibu, akamfungulia geti.

Kila anayeugua huchinjwa na kufukiwa shimoni nyuma ya nyumba, chokaa juu yake. Waliobaki hadi leo ni sabini na mmoja, pamoja na hawa watano wa kwenye tenga.

Na mumewe? Walinuniana wiki mbili nzima. Siku moja Mama Trei alimkuta amepiga magoti bandani, anakwangua sakafu kwa kijiko cha bustani, kidogo kidogo, jasho linamtoka. "Nikaenda kutafuta kijiko cha pili," anasema.

Hawa waliobaki wakimaliza kutaga, anakusudia kuliosha banda na kuliacha tupu miezi miwili, kisha alete vifaranga. Hamsini tu.

"Si kwamba sitaki wengi," anasema. "Nataka idadi ambayo siku mmoja wetu akiuguza, mwenzake ataiweza peke yake. Na akishindwa, aniambie."