Nilisoma chuo cha nchi jirani nikilala kwetu Goma, na foleni ya mpakani ndiyo iliyonivusha

Wakuu, wewe unayesoma hapo umekaa, sogea kidogo unisikilize. Haya niliyaishi mwenyewe, na penye aibu sitaparuka.

Watu wakisikia mtu amesoma ng'ambo wanawaza ndege na baridi. Mimi ng'ambo nilikuwa naenda kwa miguu asubuhi, jioni narudi kula sombe ya mama, yale majani ya muhogo.

Nieleze taratibu kwa ambao hamjafika huku. Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda ni miji iliyogusana. Nilikuwa nakaa Mabanga, mtaa wa Goma, chuo kiko upande wa pili. Katikati kuna petite barrière, kituo kidogo cha mpaka, ambako kila asubuhi watu wanapanga foleni na karatasi zao mkononi.

Miaka hiyo vita ilikuwa inasukuma watu kutoka Masisi. Wengine waliishia kambini Mugunga, wengine kwa ndugu. Kwetu alikuja mjomba na familia yake yote kutoka Sake. Sebule ikawa ya kulala, meza yangu ikawa ya sufuria. Sikulalamika, ungelalamika vipi? Lakini pa kusomea hapakuwepo tena.

Halafu lugha. Shule yote nilisoma kwa Kifaransa, kule wanafundisha kwa Kiingereza. Nikawa nakariri tu. Mwaka wa kwanza nikaanguka statistique, somo la takwimu.

Chuo kikanipa nafasi ya kurudia mtihani mara moja. Nikianguka tena, safari imeishia hapo.

Basi nikawa nasomea kwenye foleni. Hakukuwa na sehemu nyingine ambapo nilisimama muda mrefu bila kutumwa.

Mbele yangu mara nyingi alikuwa Mama Kavira, Mnande wa Butembo, anavuka na mabeseni matupu kununua karoti na nyanya za kuuza Goma. Hakuachana na rafiki yake Mama Zaina, wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Maniema, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Siku moja nanong'ona formula zangu, Mama Kavira akageuka.

"Huyu mutoto anasali nini asubuhi yote?"

"Sisali, mama. Niko na examen."

"Ya nini?"

"Ya échantillon."

"Hiyo inakuliwaka?" Mama Zaina akauliza. Foleni ikacheka.

Nikaanza kueleza, Kifaransa kidogo, Kiingereza kidogo. Mama Kavira akaninyamazisha kwa mkono.

"Sema vile mutu anasemaka na mutu."

Nikashindwa.

"Basi haujui," akasema, bila ubaya wowote. "Asiyejua anarudi nyuma. Kesho utatueleza."

Nilidhani ni utani. Wakuu, walinirudisha nyuma kweli, na wenye foleni wakaafiki. Siku hiyo nilikuta mwalimu ameshaanza.

Jioni nilikaa karibu na jiko la mama nikatafuta maneno. Asubuhi nikawaambia hivi: ukitaka kujua kama gunia ya maharagi iko na mawe, hauhesabu maharagi yote. Unachota mkono moja juu, moja katikati, moja chini. Hicho ulichochota ndicho échantillon.

"Na nikichota juu tu?" akauliza Mama Kavira.

"Hapo umedanganywa, mama."

"Nani amenidanganya? Nimejidanganya mwenyewe." Akamgeukia mwenzake. "Zaina, umesikia? Ndiyo maana sambaza zako za juu ni nene."

"Na nyanya zako za chini je?" Mama Zaina akajibu. "Mutoto, pita mbele, huyu mama ana wivu."

Ikawa ndiyo sheria yetu. Nikieleza wakaelewa, napita. Wasipoelewa, narudi nyuma. Nilirudi nyuma mara nyingi, msidhani nilikuwa mwerevu ghafla. Lakini kila nilichopita nacho hakikunitoka tena kichwani.

Sasa siku ya mtihani.

Vita ilikuwa imekaribia tena Sake, jirani na Goma, na watu wengi waliamua kuvuka. Nilifika barrière nikakuta foleni haina mwisho. Magodoro, masufuria, watoto migongoni. Nilipohesabu saa nikajua sifiki.

Mama Kavira alikuwa mbele kabisa. Aliponiona akapaza sauti: "Mumuachie huyu mutoto, iko na examen."

Papa mmoja, baba wa makamo mwenye godoro kichwani, akanitazama. "Examen? Siye tunakimbia masasi, yeye anakimbilia examen?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilitaka kugeuka nirudi nyumbani, nasema kweli.

Mama Kavira hakubishana naye. Alisema polepole tu: "Papa, vita itarudia, tunaijua. Examen yake haitarudia."

Yule papa akasogeza godoro lake kando.

"Pita basi," akasema. "Lakini usituletee zéro."

Watu wakacheka, na foleni ile yote ya watu walioacha nyumba zao ikanifungulia njia.

Niliingia mtihani nimechelewa kidogo. Kila swali nililijibu kama namweleza Mama Kavira, kwa Kiingereza kifupi cha mtu anayeongea na mtu. Nilipita. Alama hazikuwa za kujisifia, lakini nilibaki chuoni na baadaye nikamaliza.

Sasa naishi mbali na Goma, nafundisha. Mama Kavira alirudi Butembo na sina namba yake. Kuna asubuhi naikumbuka ile foleni: mabeseni yakigongana, harufu ya udongo wa karoti za jana, Mama Zaina akimtania askari wa mpaka. Darasa zuri kuliko lile sijawahi kukaa.

Nilichojifunza ni kwamba kukariri ni kwako peke yako, ila kuelewa kunahitaji mtu wa pili. Wewe uliyeanguka somo, usikate tamaa, huenda hujampata tu wa kumweleza. Nanyi mliosoma mbali na kwenu, tuambieni hapa chini nani aliwavusha.

Na leo kabla hujalala, chagua jambo moja ulilosoma, mweleze mtu wa nyumbani asiyelijua. Asipoelewa, fungua kitabu uanze upya.