Fundi Anayebisha Hodi

Kabla ya kuvunja chochote, fundi hubisha hodi. Hugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, husema "Hodi," kisha hutega sikio. Baada ya kitambo husema "Asante," kwa sauti ya mtu aliyekaribishwa, na ndipo nyundo na tindo huanza kazi. Aikaeli, aliyerudi Marangu kuifanya nyumba ya marehemu baba yake iwe ya kisasa, mwanzoni alicheka. Wiki ya pili hakucheka tena; alijikuta naye akibana pumzi, akiingojea ile asante. Ilikuja jikoni. Ilikuja ukumbini, kabla ya kushushwa mbao za dari alizopigilia baba. Mikono ya fundi ni mikavu, haina haraka, na kila akimaliza huifuta kwenye suruali kama mgeni aliyeshiba.

Leo ilibaki kona ya sebule, ile ambayo baba aliiongeza kuelekea kwenye migomba. Aikaeli hakuwa amemwambia mtu kwamba hapo ndipo yaliposimama masale, ile mimea ya kuonyesha kaburi la bibi yake, na kwamba baba aliyang'oa akamwaga zege siku hiyohiyo. Kwa fundi aliomba marumaru mpya tu. Fundi akapiga magoti, akagonga sakafu. "Hodi." Akatega sikio, akakaa hivyo mpaka chai ya Aikaeli ikapoa. Kisha akavua kofia, akarudisha nyundo na tindo mfukoni taratibu, asivigonganishe.

"Shikamoo, bibi," akaiambia sakafu.